Klachi ya pikipiki ya zamani inapiga kelele: sikiliza kwanza, fungua baadaye

Mtu akikuletea Honda XL 125 ya miaka ya themanini na kusema "klachi inapiga kelele", bado hajakuambia kitu. Pikipiki kugonga ikiwa fri, yaani bila gia, ni ugonjwa mmoja, kulia ukibana klachi ni ugonjwa mwingine, na kusaga chuma kwa chuma ni mwingine kabisa. Huo wa mwisho unaweza kuimaliza injini kabla hujafika nyumbani.

Hapa Tabora nimeona hela nyingi zikipotea kwa njia ileile. Mtu anasikia kelele upande wa kulia wa injini, anakimbilia dukani kununua klachi pleti, anafunga, kelele iko palepale. Pleti ndizo zinazopatikana kila duka la spea, kwa hiyo ndizo zinazobebeshwa lawama. Lakini pleti zilizokwisha kwa kawaida huteleza. Injini inalia juu, pikipiki haiondoki, mlimani inakataa. Kelele hutoka mara nyingi kwenye vitu vinavyozizunguka: hausingi, beringi, waya, oili.

Pikipiki ninazozisema ni zile zilizoachwa na mabwana shamba, mabwana mifugo, wamisheni na miradi ya maji: Honda XL 125 na CG 125, Yamaha DT 125 na AG 100. Ukienda Sikonge, Urambo au vijiji vya Uyui utazikuta bado zinabeba madumu ya asali na mizigo ya tumbaku. Baba yangu alikuwa bwana nyuki, na XL yake ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya. Zote zina klachi ya pleti nyingi zinazoogelea kwenye oili, na dalili zake zinafanana sana.

Kinachozunguka na kinachosimama

Bila kuelewa hili utabahatisha tu. Gia ndogo iliyo kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inazungusha bakuli kubwa lenye mapengo pembeni, ndiyo hausingi ya klachi. Injini ikiwaka, hausingi inazunguka, ubane klachi au usibane. Ndani yake kuna klachi pleti, ambazo masikio yake yanakaa kwenye mapengo ya hausingi. Kati ya pleti moja na nyingine kuna pleti za chuma, na hizi zimeshikwa na senta. Senta nayo imefungwa kwenye shafti inayoingia gia boksi. Springi zinabana pleti zote pamoja, zinakuwa kitu kimoja.

Ukibana klachi, springi zinasukumwa na pleti zinaachana. Hausingi inaendelea kuzunguka, lakini senta na shafti yake vinatulia, na beringi ndogo ya kusukumia ndiyo inayobeba mzigo wa springi. Kwa hiyo mkono wako wa kushoto ni kipimo tosha. Kelele inayokufa ukibana inatokana na kitu kilichokuwa kinazunguka kikatulia, au kilichokuwa kinacheza kikabanwa. Kelele inayozaliwa ukibana inatokana na kitu kilichoanza kufanya kazi wakati huo.

Washa pikipiki mahali pa wazi. Usiwashe ndani ya chumba au banda lililofungwa, moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua mtu. Iache ipate moto dakika kumi. Ukiwa fri, bana na kuachia klachi polepole mara tano ukisikiliza. Kisha chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kava ya klachi na mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Hamisha ncha: katikati ya kava, upande wa krenki, kwenye silinda, kwenye kava ya kushoto. Usiwe na kanga, skafu au mkono mrefu wa shati unaoning'inia karibu na cheni. Fanya hivyo kabla hujashika spana yoyote.

Dalili ya kwanza: inagonga ikiwa fri, ukibana klachi inanyamaza

Hii ndiyo inayoletwa zaidi kuliko zote, na mara nyingi si ugonjwa mkubwa.

Anza na sailensi, yaani mwendo wa injini ukiwa hujagusa resi. Injini ya pistoni moja haisukumi sawasawa: inapiga, inapumzika, inapiga. Sailensi ikiwa chini mno, kila pigo linairusha hausingi mbele na kuirudisha, na ule uwazi mdogo ulio kati ya masikio ya pleti na mapengo unageuka mgongano. Honda nyingi za kundi hili zinatakiwa zizunguke karibu mara 1,300 hadi 1,400 kwa dakika zikiwa sailensi. Kama huna kipimo, pandisha skrubu ya sailensi robo ya mzunguko. Kelele ikipotea, umemaliza kwa leo. Safisha kabureta na chujio la hewa, maana vumbi letu la kiangazi hulijaza upesi, na sailensi ikarudi kuyumba.

La pili ni oili. Angalia kiwango na hali yake. Oili iliyokuwa nyepesi kama maji kwa joto haitulizi kitu. Kwenye DT na AG kumbuka kwamba oili ya gia boksi ni tofauti na ile ya 2T inayochanganyika na petroli. Nimekuta watu wanaojaza 2T kila wiki huku gia boksi haijafunguliwa miaka mitatu.

La tatu ndilo nataka tulikalie. Nyuma ya hausingi kuna gia kubwa, na hiyo gia haijakazwa moja kwa moja kwenye bakuli. Kati yao kuna springi fupi au vipande vya raba vinavyomeza mapigo ya injini, na vyote vimeshikiliwa na bamba lililopigwa ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa vichwa. Kadiri miaka inavyokwenda, springi zinalegea, raba zinakauka, na mwishowe ribiti zenyewe zinaanza kucheza.

XL ya baba iligonga hivyo karibu mwaka mzima. Ilifungwa pleti mpya mara mbili, na mara zote mbili fundi alisema zilizotoka zilikuwa mbaya. Mzee mmoja wa Isevya, ambaye zamani alikuwa karakana ya reli, aliomba aione hausingi peke yake, imeoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa. Aliipakata magotini, akashika bakuli kwa mkono mmoja na gia kwa mkono wa pili, akapindua. Tak. Akarudisha. Tak. Kisha akaniambia, "Mwanangu, weka ukucha hapa." Kichwa cha ribiti kilizunguka chini ya ukucha wangu kama kifungo kilicholegea, na pembezoni mwake kulikuwa na duara jembamba jeusi, vumbi la chuma lililochanganyika na oili. Nyingine zilikuwa na duara hilohilo. Pleti hazikuwa na kosa lolote.

Jaribio ni hilohilo na halihitaji kifaa. Pindua gia na bakuli kinyume. Hausingi nzima inakataa, au inapindika kidogo kwa ukinzani wa springi. Iliyochoka inacheza bila ukinzani na kutoa mlio. Dawa ya kwanza ni hausingi nyingine. Kwa CG kazi ni rahisi, kwa sababu injini nyingi za Kichina zilinakiliwa kutoka CG na spea zake zimejaa. Ila usinunue kwa macho. Hesabu meno ya gia, linganisha kama yamekatwa kwa mshazari au wima, pima tundu la katikati. Injini za mtindo huo zina ukubwa mbalimbali, na gia zake hazilingani zote.

Kwa XL na DT, hausingi nzuri ni adimu. Hapo kuna njia ya kutoboa ribiti za zamani, kubadilisha springi au raba, na kupiga ribiti mpya. Hiyo ni kazi ya fundi wa kukereza vyuma, mwenye mashine ya kuhakikisha gia imekaa katikati. Ukiulizia kwa watu wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) au VETA (mafunzo ya ufundi stadi), wanaweza kukuelekeza kwa mtu wa aina hiyo. Usikubali mtu achomelee gia kwenye bakuli. Nimeona imefanywa. Siku mbili za kwanza kelele inapungua na kila mtu anafurahi. Lakini kuchomelea kunapinda chuma na kuua ule ulaini uliokusudiwa, na mapigo yote ya injini yanahamia kwenye meno ya gia na shafti.

La nne ni bushi ambayo hausingi inazungukia. Ishike ikiwa bado kwenye shafti, itikise juu na chini. Kuyumba kidogo sana ni kawaida, kubembea si kawaida. La mwisho, na la nadra zaidi, ni beringi ya shafti ya gia boksi. Kelele yake ni ya kuvuma, kama kinu cha mbali, na inakufa mara tu ukibana klachi kwa sababu shafti inatulia. Hiyo inahitaji kupasua injini. Kama hujawahi kuipasua, isiwe mara yako ya kwanza.

Dalili ya pili: kimya, ila ukibana klachi inalia

Mlio mwembamba wa "iiii", au mkwaruzo, unaoanza vidole vinapovuta mkono wa klachi.

Kosa la kwanza ni waya uliokazwa kupita kiasi. Mkono wa klachi unatakiwa uwe na uhuru. Kwa Honda ndogo hizi, ncha ya mkono itembee milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito. Kwenye Yamaha mara nyingi uhuru hupimwa pale mkono unapokutana na kishikio chake, milimita 2 hadi 3. Waya usipokuwa na uhuru, beringi ya kusukumia inafanya kazi mchana kutwa hata klachi ikiwa imeachiwa. Na uhuru huo hubadilika injini ikipata moto, kwa hiyo pima ikiwa baridi.

Kosa la pili ni beringi yenyewe. Ni ndogo, iko katikati ya bamba la kusukumia, na ukishafungua kava unaifikia baada ya kutoa boliti za springi. Ioshe, ikaushe, izungushe kwa kidole. Ikiwa na mikwaruzo au inasitasita, itupe. Namba yake imechongwa pembeni, nenda nayo dukani ukanunue kwa namba. Huna haja ya kutaja jina la pikipiki.

Kosa la tatu linawahusu wenye DT na ndugu zake. Hizi husukuma klachi kwa fimbo inayopita ndani ya shafti, na kwenye mstari huo kuna gololi ndogo ya chuma. Gololi hii hupotea. Mtu anachomoa, inadondoka kwenye mchanga, anafunga bila hiyo, na kuanzia hapo fimbo inasugua chuma kikavu. Chomoa fimbo uitazame ncha zake. Zikiwa za bluu zimeungua, zikiwa zimetanuka kama kichwa cha uyoga zimepigwa. Badilisha fimbo na gololi pamoja.

Kuna tabia moja inayoua beringi hizi kuliko kitu kingine, nayo ni kusubiri ukiwa umebana klachi na gia ya kwanza ndani. Pale treni inapopita na geti limefungwa, weka fri na uachie mkono.

Dalili ya tatu: inatetemeka na kuguna ukiondoka

Unaachia klachi, pikipiki inaruka-ruka kama inagongwa kwa nyuma, na chini ya injini kuna mguno.

Kabla ya klachi, tazama cheni na raba za kitovu cha gurudumu la nyuma. Cheni iliyolegea huleta mruko unaofanana kabisa na huu. Kaza cheni kwa kiasi chake na ujaribu tena. Hii ni dakika kumi, na imewaokoa wengi gharama ya gasketi.

Kisha uliza umetia oili gani. Oili za magari madogo ya kisasa mara nyingi huwekwa vitu vya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Klachi inayoogelea kwenye oili hiyo inateleza, inashika, inateleza, na huko ndiko mtetemo unakozaliwa. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, hicho ni kipimo cha oili ya pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili. Mwaga ya zamani ikiwa ya moto (angalia mikono na watoto wanaokuzunguka), jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, tembea siku mbili tatu. Pleti zilizolowa oili mbaya wakati mwingine hupona zenyewe.

Zisipopona, pleti za chuma zimepinda au klachi pleti zimekuwa laini kama kioo. Huku kwetu chanzo ni mchanga. Njia za Uyui wakati wa kiangazi zina mchanga unaofika nusu ya rimu, na mwendeshaji aliyebeba abiria na gunia anaona njia pekee ni kushika klachi nusu na kupiga resi. Pleti za chuma zinageuka bluu na kupinda. Kwenye mchanga shusha mzigo, shusha abiria, tumia gia ya kwanza na klachi iliyoachiwa kabisa.

Pleti za chuma pima kwenye kipande cha kioo cha dirisha. Ilaze, bonyeza katikati, ingiza fila geji (kibamba cha kupimia uwazi) pembeni. Kwa Honda nyingi ndogo, ukipitisha 0.20 mm imeshapinda vya kutosha kuikataa. Klachi pleti mpya zina unene wa milimita 3 hivi, na zikikaribia 2.6 zimekwisha. Kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu. Springi zisimamishe zote kwenye meza, bega kwa bega. Ikiwa moja ni fupi, badilisha zote.

Usipige msasa klachi pleti za zamani zikiwa kavu. Baadhi ya vifaa vya msuguano vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Pleti ikifikia hatua ya kutaka msasa, nunua mpya.

Dalili ya nne: gia ya kwanza inaingia kwa kishindo

Kishindo kimoja asubuhi, injini ikiwa baridi, hakina shida. Pleti zimegandana kwa oili ya usiku. Kabla ya kuwasha, ingiza gia, bana klachi na usukume pikipiki mbele na nyuma bila swichi, zitaachana.

Kikiwa kila mara, na pikipiki inataka kuondoka yenyewe ukiwa umebana, klachi haiachii. Mara nyingi ni uhuru wa waya uliozidi, au waya wenye nyuzi zilizokatika ndani ya ala. Vuta mkono polepole: ukihisi kama unakata kamba, badilisha waya leo, usingoje ukatike porini. Waya mzuri utie matone ya oili kutoka juu, uache utiririke usiku kucha.

Waya ukiwa mzima, fungua ukatazame mapengo ya hausingi. Masikio ya pleti huchimba vishimo kwenye kuta zake, na pleti zikijaribu kuachana zinanasa humo. Pitisha ukucha. Vishimo hafifu unaweza kuviondoa kwa tupa laini, ukila kuta zote kwa usawa ili pleti zote ziendelee kushika pamoja. Vikizidi nusu milimita, kupiga tupa kutaongeza uwazi na kukurudisha kwenye kelele ya dalili ya kwanza. Hapo tafuta hausingi.

Dalili ya tano: chuma kinasaga chuma, ubane usibane

Zima injini. Usiseme nitafika tu hadi mjini. Sukuma pikipiki, au ipakie kwenye gari.

Sababu zinazojirudia ni nati ya katikati iliyolegea, sirklipu (pete ya kushikilia) iliyoruka, boliti ya springi iliyokatika, au kichwa cha ribiti kinachosugua ukuta wa injini. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe. Ung'aavu mwembamba kama unga unaweza kuwa wa kawaida kwa mashine ya umri huu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na hapo kazi ni ya fundi wa injini mwenye vifaa, kwa sababu vipande hivyo huenda vimeshatembea hadi kwenye pampu ya oili na beringi za krenki.

Kelele zinazosingiziwa klachi

XL ina cheni ya taimingi inayopanda hadi kichwani, na ikilegea inachachatika upande wa silinda. CG haina cheni hiyo, valvu zake zinasukumwa kwa fimbo, na tapeti zikilegea zinatoa tiki-tiki ya haraka. Rekebisha uwazi wa tapeti injini ikiwa baridi kabisa, uwe 0.08 mm. Gasketi ya ekzosi iliyopasuka nayo hutoa tiki-tiki. Mkono wa kiki uliolegea hutetemeka. Kelele hizi zote hazibadiliki ukibana klachi, na hiyo ndiyo alama yake. Wenye BSA au Triumph za Kiingereza, klachi yenu iko kushoto na kwa kawaida inazungushwa na cheni. Anzeni na ulegevu wa cheni hiyo kabla ya kingine chochote.

Ukiamua kufungua

Mwaga oili kwanza. Skrubu za kava kwenye Honda na Yamaha za zamani zimekaa miaka arobaini na vichwa vyake huliwa haraka. Tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo yenye ncha inayojaa kwenye kichwa. Chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi, toboa matundu, na kila skrubu ichomeke mahali ilipotoka, kwa sababu hazina urefu mmoja. Iliyo ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inapasua injini. Kava ikikataa kutoka usiichokonoe kwa bisibisi, igonge kwa nyundo ya plastiki kuizunguka.

Boliti za springi zilegeze kwa msalaba, kidogo kidogo. Kwenye Honda hizi senta imeshikwa kwa sirklipu au kwa nati yenye mapengo manne. Nati hiyo ina boksi spana yake. Ukiigonga kwa patasi unaiharibu pamoja na uzi wa shafti, kwa hiyo kama huna spana hiyo na huna mtu wa kukuazima, simama hapohapo. Panga kila kitu kwenye kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka, na usisahau washa nyembamba zinazoganda nyuma ya hausingi. Kwenye CG, kwenye ncha ya krenki kuna kikombe kinachokusanya uchafu wa oili kwa kuzunguka. Kisafishe, hutakifungua tena kwa muda mrefu.

Pleti mpya zilowekwe kwenye oili usiku mzima. Zikifungwa kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza. Boliti za springi ni ndogo, na zinaingia kwenye aluminiamu: kaza kwa msalaba, kwa mkono mwepesi. Zikikatika uzi utajuta. Gasketi iwe mpya.

Washa, acha sailensi dakika tano, kagua kama inavuja, rudia jaribio la mkono wa kushoto. Siku ya kwanza zunguka mitaa ya karibu bila mzigo. Ukifika kilomita mia, pima tena uhuru wa waya, kwa sababu pleti mpya hukaa sawa na waya hubadilika.

Hausingi uliyotoa usimpe mtu wa chuma chakavu, hata kama ribiti zake zimelegea. Ioshe, ipake oili, ifunge kwenye mfuko na uandike jina la pikipiki juu yake. Ile ya XL ya baba ilikaa kabatini miaka sita kabla hajapatikana mtu wa kuipiga ribiti upya, na ndiyo iliyomo kwenye injini sasa hivi.